Nataka kuishusha Corolla AE100 kwa kukata springi. Nikate kiasi gani?

Kijana_wa_Corolla
Wakuu, habari za jioni.

Nina Corolla AE100 saloon ya 1994, injini 5A-FE, gia za mkono. Bodi nimeinyoosha, rangi imerudi, rimu nimeweka za inchi 15. Kilichobaki kuniudhi ni ule uwazi kati ya tairi na fenda. Ukiitazama kwa ubavuni imesimama kama mtu aliyepandisha suruali avuke mto.

Springi za kushushia za kampuni nimeulizia, bei imenikalisha. Fundi mmoja anasema hizi zilizopo zinakatwa kwa grainda, anatoa mzunguko mmoja na nusu kila springi, jioni naondoka na gari. Wa pili anasema hakuna haja hata ya kufungua: anapiga moto wa gesi springi ikiwa palepale, chuma kinalainika, gari linakaa lenyewe mpaka niseme basi. Huyu wa pili ndiye wa bei rahisi.

Naishi Tabata, kazi Kurasini, kwa hiyo Mandela Road ndiyo njia yangu asubuhi na jioni. Wikiendi nabeba familia. Waliowahi kufanya, nikate kiasi gani? Na huo moto vipi?

Mtazamaji_Tu
Naweka kambi hapa. Carina Ti yangu inasubiri majibu hayahaya.

Mzee_Kopa
Mji mzima watu wanaweka spesa kuinua Passo na IST, wewe unataka kushusha! Masika ikiingia tukutafute kwenye mafuriko ya Jangwani. Na ukipasua sampu ya oili kwenye tuta usirudi hapa kufungua uzi mwingine wa "injini imegoma wakuu nisaidieni".

GX_Changombe
Mzee Kopa, acha vijana waishi. Mimi nina Mark II GX100, mbele nilikata mzunguko mmoja kwa grainda. Gari iko chini, kona inashika, haiyumbi tena. Kijana kata huo mmoja na nusu, usiogope. Ila ya kwangu ilishuka kuliko nilivyotegemea, sijui kwa nini. Na tairi za mbele zinaliwa kwa ndani, lakini hiyo ni alaimenti tu.

Bi_Spana
Kijana, usimlipe mtu yeyote kabla hujamaliza kusoma hapa. Ni ndefu.

Moto kwanza. Springi ya gari si nondo. Kiwandani chuma chake hupashwa, huzamishwa kipoe ghafla, kisha hupashwa tena kwa joto lililopimwa ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Ukikipiga gesi mpaka kiwe chekundu, umefuta kazi yote ile mahali pale. Sehemu iliyopata moto inabaki laini, itaendelea kukaa kila ukivuka tuta, na kushoto kutatofautiana na kulia kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kupasha springi mbili sawasawa kwa macho. Fundi akimwagia maji ili ipoe haraka ndiyo mbaya zaidi, hapo inakuwa ya kukatika. Na kumbuka moto huo unapigwa sentimita chache kutoka kwenye sili ya shokapu, mpira wa breki na tairi. Huyo wa pili mwache na mtungi wake.

Kukata ni habari nyingine, na wala sina ugomvi na grainda. Joto la diski linaishia milimita chache za ncha, na ncha hiyo imelala kwenye kikalio (sahani ambayo springi inakalia), haifanyi kazi ya kunesa. Ugomvi wangu ni hiyo "mmoja na nusu" iliyotamkwa bila futi kamba kutoka mfukoni.

Wengi wanadhani springi ikikatwa inalegea. Inakuwa ngumu zaidi. Ugumu wake unategemea unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko inayonesa. Waya na duara hujavigusa, umepunguza mizunguko tu, kwa hiyo uzito uleule sasa unabebwa na mizunguko michache. Ikiwa ilikuwa 5 ikabaki 4, ugumu umepanda kwa asilimia 25. Ndiyo maana GX anasema gari haliyumbi.

Sasa tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, msiende kuzitumia kama za Toyota. Chukua springi ya mbele ambayo ikiwa huru mezani ina urefu wa milimita 350, mizunguko inayonesa 5, ugumu newtoni 20 kwa kila milimita. Kona hiyo ya gari inaielemea newtoni 3,000, yaani kilo mia tatu na ushee. Itabonyea milimita 150, ibaki 200. Gawa kwa 5, kila mzunguko ukiwa chini ya mzigo unachukua 40.

Toa mzunguko mmoja. Mizunguko iliyobaki inabeba mzigo uleule na kila mmoja bado unachukua 40, kwa hiyo springi inasimama kwenye 160. Umeshuka milimita 40. Toa nusu, umeshuka 20. Hapo watu wengi wanafurahi wanafunga daftari, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Corolla yako ina MacPherson mbele na nyuma, yaani springi imeizunguka shokapu, vyote mguu mmoja. Ukinyanyua gari kwa jeki, shokapu inanyooka mpaka mwisho wake. Tuseme ikinyooka hivyo, nafasi kati ya kikalio cha chini na cha juu ni milimita 290. Springi ya 350 imebanwa humo, haichezi. Sasa hesabu tena: ikiwa huru, kila mzunguko ulikuwa na milimita 70. Ukitoa mmoja, springi inabaki na 280. Ipo ndani ya nafasi ya 290! Tairi likining'inia tu, kwenye shimo au kwenye jeki, springi inaelea, inagonga, inaweza kuzunguka na kutoka kwenye ngazi yake ya kikalio. Ukitoa nusu inabaki 315, bado imebanwa kwa 25. Na mmoja na nusu wa fundi wako? Inabaki 245. Kati ya springi na kikalio unapitisha vidole viwili.

La tatu ni upande wa kubonyea. Kama shokapu ilikuwa na milimita 70 za kushuka kabla ya kufika mwisho, ukishusha gari 40 zimebaki 30. Panda wewe, mama watoto na watoto, zinaliwa nyingine. Kile kiraba kilichovishwa kwenye fimbo ya shokapu ndicho kitabeba kila tuta la Mandela, na kikichoka chuma kinagonga chuma. Mafundi wengi hukitoa wakisema "kinapunguza nafasi". Kinaweza kufupishwa kidogo, kutolewa hapana. Shokapu mpya inayogonga mwisho kila siku haina maisha.

Na shokapu zenyewe zina umri gani? Springi ngumu zaidi inahitaji shokapu yenye nguvu zaidi ya kuituliza. Ukiweka springi iliyokatwa juu ya shokapu iliyochoka, gari litadunda mpaka ulichukie.

Mtazamaji_Tu
Hii iwekwe juu kabisa ya jukwaa jamani.

Kijana_wa_Corolla
Bi Spana, shikamoo. Nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Swali: nitajuaje mzunguko wangu unachukua ngapi bila kufungua mguu mzima?

Bi_Spana
Marahaba. Weka gari mahali tambarare, tanki likiwa kama unavyolitumia siku zote, lisukume mbele na nyuma kidogo likae. Zungusha usukani, ingiza mkono nyuma ya tairi, pima kutoka katikati ya waya mmoja hadi katikati ya waya unaofuata, mahali springi ilipo wazi na siyo kwenye ncha zilizobanana. Namba utakayopata ndiyo karibu sawa na gari litakavyoshuka ukitoa mzunguko mzima. Pima pia kutoka katikati ya rimu kwenda ukingo wa fenda, kona zote nne, uandike. Bila namba za kabla utabishana na fundi baadaye kwa hisia.

Urefu wa springi ikiwa huru na nafasi ya shokapu ikinyooka, hivyo lazima ufungue. Na kufungua kunahitaji zile klempu mbili za kubana springi, nzima, siyo waya wala mnyororo. Springi iliyobanwa ikiachia inavunja taya. Sitanii.

GX_Changombe
Sasa dada, kwa hesabu zako mimi nilitakiwa kushuka sentimita nne hivi. Nimeshuka karibu sita. Kwa nini?

Bi_Spana
Kwa sababu GX100 mbele haina MacPherson, ina wishboni mbili, yaani mikono miwili ya kushika tairi, wa juu na wa chini. Springi na shokapu vimekaa katikati ya wishboni ya chini, siyo kwenye tairi. Tairi liko mbali zaidi na bawaba kuliko springi, kwa hiyo springi ikishuka kidogo tairi linasogea zaidi. Tuseme springi inasogea 0.65 kwa kila 1 ya tairi: 40 gawa kwa 0.65 unapata 61 hivi. Hizo ndizo sita zako. Kwenye Corolla uwiano unakaribia 1 kwa 1, ndiyo maana huwezi kumpa kijana kipimo cha gari lako.

Halafu hiyo "alaimenti tu" usiidharau. Gari likishuka, kwenye wishboni mbili tairi linalala kwa ndani juu, na tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza tairi) inabadili pembe yake, mwelekeo wa tairi unapotoka. Kulala peke yake kunakula tairi polepole. Mwelekeo ukipotoka unaikwangua kila mita unayokwenda. Kapime, warekebishe mwelekeo kwanza, utaona tofauti.

Hata kuhusu kona usijidanganye sana. Kwenye MacPherson ukishusha mpaka mkono wa chini uinamie upande mwingine, yaani upande wa tairi uwe juu kuliko upande wa bodi, nukta ambayo bodi inalalia kwenye kona inashuka haraka kuliko uzito wa gari. Gari lipo chini na bado linataka kulala. Ushushaji mdogo unasaidia, mkubwa unaanza kukurudisha nyuma.

Rocky_City
Naomba niongezee kuhusu moto maana nimeula. Gereji moja hapa Mwanza (jina nalihifadhi) walinipigia gesi Carib ya zamani. Siku ya kwanza safi, picha nikaposti. Baada ya muda kushoto kukawa chini kuliko kulia, nikawa naendesha gari limeinama. Mwishowe springi ya mbele ikakatika karibu na pale walipopiga moto, ncha ikaingia kwenye tairi. Bahati nilikuwa natoka getini, sio njia ya Shinyanga. Nilinunua springi mbili na tairi, zile hela za "bei rahisi" zikawa kichekesho.

Mzee_Kopa
Niliwaambia.

GX_Changombe
Mzee wewe ulizungumzia Jangwani, habari ya springi hukuigusa 😂

Pwani_DX
Wazee hamjambo, niko Mombasa. Mimi naendesha DX, ile Corolla KE70 saloon. Nyuma yangu kuna ekseli moja nzima na koili imekaa peke yake, shoki iko kando. Watu wa magari kama haya muwe makini zaidi, maana koili haijashikwa na chochote isipokuwa uzito wa gari. Ikiwa fupi kuliko nafasi yake, ukipanda kitu kwa kasi tairi linaning'inia na koili inachomoka kabisa. Rafiki yangu aliiona yake kwenye kioo imelala barabarani nyuma yake, kule Nyali. Sisi tulinunua shoki fupi ndipo tukakata, kwa hivyo ekseli haishuki mpaka koili ilegee.

Halafu angalieni ncha ya koili yenyewe. Kuna ile iliyo wazi, waya umeisha tu hivi ukiendelea na mzunguko wake. Hiyo ukikata inabaki na umbo lilelile na inaketi. Kuna nyingine ncha imekunjwa ikawa duara dogo. Ukikata hapo umeharibu, haitaketi tena kwenye kikalio. Kata upande wa pili ikiwa upande huo uko wazi, na kama pande zote mbili zimekunjwa, achana nayo.

Bi_Spana
Pwani_DX asante, hilo la ncha nililiruka. Niongeze: kwenye MacPherson kikalio cha chini kina kangazi ambako ncha ya waya inaegemea. Ukikata nusu mzunguko, ncha mpya ipo upande wa pili, kwa hiyo unaizungusha springi mpaka ncha iguse kangazi. Mbele haina shida sana maana juu kuna bearingi. Nyuma angalia raba ya juu, kama nayo ina ngazi yake lazima izunguke pamoja na springi. Ncha isipoegemea kangazi, ukikanyaga breki utasikia "ta!" na utadhani ni bolujointi.

Ughaibuni07
Salamu kutoka Ujerumani. Huku hilo la kukata halijadiliwi hata kidogo. Ukifika ukaguzi wa TÜV na springi iliyokatwa, gari halipiti, na ukikamatwa nalo barabarani linahesabika limepoteza ruhusa ya kutembea. Hata springi za kushushia za Eibach au H&R zinakuja na karatasi zake, mhandisi anakagua zimefungwa kwenye gari gani na rimu gani, kisha inaandikwa kwenye nyaraka za gari. Nimefunga seti hivyo kwenye Golf, ukaguzi haukuchukua muda.

Cha kujifunza sio ukali wa Wajerumani. Springi ya kushushia haijafupishwa tu, waya wake umechaguliwa upya. Ugumu unakwenda na unene wa waya ukizidishwa wenyewe mara nne: kutoka milimita 12 kwenda 13 tu unaongeza karibu asilimia 38. Kwa hiyo wanaweza kutengeneza fupi, ngumu ya kutosha isigonge, na bado ndefu ya kutosha isielee shokapu ikinyooka. Grainda haiwezi kuongeza unene.

Kijana_wa_Corolla
Sawa mkuu, ila ukizigawanya bei ya Eibach kwa mshahara wangu...

Ughaibuni07
Nakuelewa ndugu yangu, sikulaumu. Zipo za TEIN na RS-R zilizotumika zinakuja na nusu-kata (magari yaliyokatwa nusu kwa ajili ya spea) kutoka Japani, ulizia. Lakini kagua kabla hujatoa hela, koilova (springi na shokapu zinazouzwa pamoja) iliyovuja mafuta ni chuma chakavu chenye rangi nzuri.

Mzee_Kopa
Swali la mzee asiyejua. Bima ikija kukagua baada ya ajali ikakuta springi imekatwa na grainda, kijana atajibu nini?

Bi_Spana
Swali zuri sana mzee. Kijana, badiliko lolote kwenye gari mwandikie wakala wako wa bima kabla, siyo baada. Wakikataa, ujue mapema.

Kijana_wa_Corolla
Wakuu nimerudi na namba. Mbele, waya hadi waya gari likiwa chini ni milimita 38, pande zote mbili. Rimu hadi fenda, kushoto mbele 385, kulia mbele 380, nyuma zote 390. Jumamosi tulifungua mguu mmoja wa mbele na jirani yangu mwenye klempu. Springi huru 342, ncha ya chini iko wazi, ya juu imelala bapa. Shokapu ikinyooka, kikalio hadi kikalio 288. Mizunguko inayonesa nimehesabu 5. Kiraba kimepasuka, na shokapu ukiisukuma chini hairudi kabisa.

Kwa hesabu za dada: 342 gawa kwa 5 ni 68. Nikitoa mzima inabaki 274, inaelea. Nikitoa nusu inabaki 308, imebanwa kwa 20. Nitashuka 19 hivi. Nimeelewa sawa?

Bi_Spana
Umeelewa vizuri kabisa. Urefu huru umegawa kwa mizunguko inayonesa peke yake, kwa hiyo kuna kosa dogo la zile ncha zilizolala, lakini kwa nusu mzunguko bado uko upande wa usalama.

Shokapu isiyorudi ikisukumwa inaweza kuwa ni ya mafuta tu, hizo hazirudi zenyewe hata zikiwa mpya. Pima kwa kuivuta na kuisukuma: iwe nzito njia yote, bila sehemu tupu. Ukikuta sehemu tupu, badilisha zote mbili za mbele kabla ya kukata chochote. Kiraba badilisha bila kujadili. Bearingi ya juu na raba za mauntingi angalia hapohapo kwa kuwa umeshafungua, bei ya kufungua mara mbili unaijua.

Nyuma usikate nusu. Nyuma ndiko abiria na mizigo vinakalia, na gari lililokaa nyuma linamulika taa kwenye macho ya wenzio usiku. Funga mbele kwanza, liendeshe wiki moja, pima tena, ndipo uamue nyuma, robo au uache kabisa. Ukishamaliza peleka alaimenti na urekebishe taa.

Kwenye kukata: chora alama kwa chaki pande zote mbili zikiwa mezani zimelala pamoja, kata nje ya gari, pole pole, diski nyembamba, kitambaa kibichi pembeni. Lainisha ncha kwa faili, paka rangi, maana kutu huanzia hapo. Zile milimita tano za tofauti kati ya kushoto na kulia usizitafutie dawa kwa kukata zaidi upande mmoja. Badilisha springi zenyewe ziende upande mwingine kwanza uone kama tofauti inahama nazo.

La mwisho, na hili ndilo ningelifanya mimi: usikate zako. Nenda Gerezani au Ilala utafute jozi iliyotumika ya AE100, uzikate hizo. Za kwako zifunge kwenye gunia. Mkeo akikataa kupanda, au gari likiuzwa, unazirudisha.

GX_Changombe
Mimi kesho naenda alaimenti. Nimekubali.

Mzee_Kopa
Kijana, nina springi nne za AE100 stoo, zilitoka kwenye teksi niliyoivunja. Njoo PM. Ukizikata usiniambie.

Bi_Spana
Mzee, za teksi zimeshakaa zenyewe. Kijana, nenda na futi kamba, uzisimamishe kando ya ile uliyoifungua. Zikiwa fupi kwa sentimita nzima, zirudishe stoo. Na pangusa kutu kwa brashi ya waya, ukiona vishimo kwenye waya usichukue hata akikupa bure.

Mzee_Kopa
Bure sijasema.